Si Kila Tundu ni Ufa



Juma hili tumeletewa suala na dada yetu mmoja wa upande wa Garsen, ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama walimao kando ya Mto Tana. Ameomba asitajwe yeye wala kikundi chake, nasi tumeridhia. Suala lenyewe linahusu mashine ya kuvuta maji. Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumza juu ya malezi na mirathi, ukiingia katika oili na spana. Lakini aliyesoma barua ile hadi mwisho ataona kuwa ndani yake mna amana, mna tuhuma, na mna haki ya mtu. Hayo ndiyo mambo yetu.

Kisa ni hiki. Kikundi kilichanga fedha kwa muda mrefu kikanunua mashine ndogo ya petroli, ndiyo inywesheayo tikiti, nyanya na mchicha wakati mvua zimekatika. Msimu wa kwanza ilifanya kazi vyema. Msimu wa pili ikaanza kutoa moshi na kutapika oili kwenye chujio la hewa. Akaitwa fundi. Akatazama, akaona oili ile inapitia kwenye paipu nyembamba ya mpira itokayo juu ya injini na kuingia kwenye nyumba ya chujio. Akaichomoa paipu, akaiziba kwa kijiti, akaikaza kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Uchafu ukakoma siku ile ile, fundi akalipwa ujira wake, akaenda zake.

Hazikupita siku kumi, oili ikaanza kububujika mahali pengine, pale mhimili wa injini unapoingia kwenye pampu, na nyingine ikipenya penye kifuniko cha kujazia. Fundi alipoulizwa akasema mashine ni ya bandia, itupwe. Baadhi ya wanachama wakaongeza kwamba mweka hazina alinunua kitu duni kwa makusudi, akabakisha fedha mkononi. Dada yetu anauliza mambo mawili: je, mashine imekufa kweli? Na gharama ya kuitengeneza ni juu ya nani?

Tutajibu la kwanza kabla ya la pili, kwa sababu hukumu ya jambo huifuata picha yake. Asiyejua injini ile inapumuaje hawezi kujua nani ameidhulumu.

Ndani ya injini ndogo kama hii mna silinda moja, na ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Chini ya pistoni kuna chumba kilichofungwa, nacho ndicho chenye oili na mhimili unaozunguka. Pistoni inaposhuka, huisukuma hewa iliyomo katika chumba hicho; inapopanda, huivuta. Katika mashine ya kimo kilichoenea sana mashambani, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 163, kila mshuko mmoja husukuma hewa kiasi cha kikombe kidogo cha chai. Na injini izungukapo mara 3,600 kwa dakika, pistoni hushuka mara 60 katika kila sekunde moja. Basi na tufikiri: vikombe 60 vya hewa kwa sekunde vinasukumwa ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Fauka ya hayo, pistoni haizibi silinda kikamilifu. Imevikwa ringi za chuma zizuiazo moto wa petroli usishuke chini, lakini hata ringi mpya huachia moshi kidogo upenye. Moshi huo una mvuke wa petroli na unyevu. Usipopata njia ya kutokea, chumba hujaa shinikizo, na oili huharibika upesi.

Kwa sababu hiyo watengenezaji waliiachia injini pua. Katika mashine nyingi za aina hii, pua hiyo imo chini ya kifuniko cha juu cha injini. Ni ulimi mwembamba wa chuma uliolala juu ya tundu. Pistoni ikishuka, ulimi huinuka na kuiacha hewa itoke. Pistoni ikipanda, ulimi hujilaza na kuziba. Hivyo hewa hutoka wala hairudi, na chumba cha oili hubaki na shinikizo dogo kuliko la hewa ya nje. Hilo ndilo lisaidialo sili na gasketi kuishika oili isivuje. Hewa iliyotoka hupita kwenye ile paipu nyembamba, huingia kwenye nyumba ya chujio, kisha huvutwa tena na injini ikaungua pamoja na petroli.

Kurudisha moshi huo ndani kuna manufaa makubwa. Zamani magari yaliuachia utoke chini, ukachafua hewa. Katika jimbo la California nchini Marekani, magari mapya ya mwaka 1961 yalianza kuwekewa njia ya kuurudisha moshi huo kwenye injini, na kufikia 1963 utaratibu huo ukaenea katika magari mapya ya nchi nzima.

Sasa tunaweza kuona alilolifanya fundi. Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo ni kweli. Lakini si kila tundu ni ufa. Paipu ile ndiyo pua ya mashine, naye akaiziba. Hewa iliyokosa mlango ikatafuta dirisha, ikaisukuma oili pale palipo dhaifu kuliko pengine: kwenye sili ya mhimili na kwenye kifuniko cha kujazia. Yaliyotokea baada ya siku zile kumi si ajabu, wala si dalili ya ubandia. Hata mashine bora kuliko zote ikizibwa pua hutapika kwa namna hiyo hiyo.

Linabaki suala la mwanzo: kwa nini oili ilipanda kwenye chujio kabla ya fundi kuja? Sababu zijulikanazo ni tano, nasi twawashauri akina mama wazikague kwa mpangilio huu, kuanzia ile isiyo na gharama. Kabla ya yote, kijiti kitolewe, paipu irudishwe mahali pake, na mashine isiwashwe mpaka oili ipimwe.

Sababu ya kwanza ni oili kuzidi. Chumba cha mashine ya kimo tulichokitaja hupokea oili kiasi cha lita 0.6 tu. Lakini chupa ya dukani mara nyingi huwa ya lita moja, na mtu mwenye nia njema huimimina yote, akisema afadhali izidi kuliko ipungue. La hasha. Oili ikizidi, mhimili huipiga na kuirusha, nayo hupanda pamoja na hewa hadi kwenye chujio. Ipimeni mashine ikiwa imezimwa, imepoa, na imekaa mahali tambarare. Kijiti cha kupimia kifutwe kwa kitambaa, kitumbukizwe bila kukazwa kwa kuzungushwa, kisha kitolewe na kutazamwa. Katika mashine nyingi za aina hii, kikomo cha juu ni ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Sababu ya pili ni mteremko. Hii ndiyo tunayoiogopa zaidi kwa mashamba ya Tana, kwa sababu mashine huwekwa kwenye ukingo wa mto, nao ukingo haujapata kuwa sawa. Injini za aina hii hazikusudiwa kufanya kazi zikiwa zimeinama zaidi ya nyuzi 20 hivi. Ikiinama sana, oili huhamia upande mmoja, ikalifikia tundu la pumzi au ikaikimbia sehemu iihitajiyo. Chimbeni kiwanja kidogo cha tambarare, mkikanyage kiwe kigumu, na mashine ikae hapo kila siku. Jembe moja na nusu saa ya kazi vyatosha.

Sababu ya tatu ni chujio la hewa kuziba. Wakati wa kiangazi vumbi la Garsen halina simile. Chujio likijaa vumbi, injini hukosa hewa, huvuta kwa nguvu, na hivyo kuinyonya oili kupitia paipu ile ya pumzi. Sifongo ya chujio ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe vyema, ipakwe oili kidogo sana, kisha ikamuliwe. Ikiwa chujio ni la karatasi, lisioshwe. Likungʼutwe, na likichakaa libadilishwe.

Sababu ya nne ni pua yenyewe. Ulimi ule wa chuma hushikwa na masizi, au hupinda, au huvunjika. Aidha, paipu huweza kuziba kwa tope, na wako nyigu wajengao kwa udongo wapendao sana matundu ya kimo hicho. Fundi mzoefu afungue kifuniko cha juu, aoshe ulimi kwa petroli kidogo nje penye hewa na mbali na moto, autazame kama unalala sawasawa juu ya tundu lake, kisha arudishe kwa gasketi nzima. Paipu iliyolegea ibadilishwe kwa nyingine ya mpira ustahimilio oili, nayo ipande juu bila kukunjika wala kufanya bonde la kukusanya maji na oili.

Sababu ya tano, na ndiyo nzito, ni kuisha kwa ringi. Ipo njia nyepesi ya kuipima. Mashine ikiwa tambarare na oili yake ikiwa ya kiasi, paipu ichomolewe upande wa chujio kwa muda mfupi, injini iwashwe, na kiganja kisogezwe karibu na mdomo wa paipu. Pumzi ndogo zenye kupigapiga ni afya. Ukihisi upepo wenye nguvu, na moshi wa kibuluu ukitoka bila kukatika, basi moto unashuka chini kwa wingi, na ringi au silinda imelika. Hapo kazi ni kubwa zaidi. Lakini hata hilo halina maana ya kuitupa mashine, kwani ringi ni kifaa kiuzwacho na kubadilishwa.

Baada ya hayo, tazameni sili ya mhimili. Ikiwa haikuchanika wala kutoka mahali pake, huenda uvujaji ukakoma wenyewe pindi pua inapofunguliwa. Ikiwa imechanika, itabadilishwa, nayo ni sehemu ndogo ya thamani ya mashine. Lililo muhimu ni kutoiwasha ikiwa oili imepungua. Chumba kikikauka, chuma husagana na chuma, na hapo ndipo mashine hufa kikweli.

Vijana wetu huenda wakasema kwamba wameona watu wakiongeza pua ya pili kwenye injini hizi hizi. Ni kweli. Injini ya aina hii ndiyo itiwayo katika vigari vidogo vya mashindano, na wenye vigari hivyo huzizungusha kwa kasi kuliko ile waliyoikadiria watengenezaji. Kwa kuwa pumzi huzidi, huongeza tundu jingine, huweka paipu pana, na huielekeza kwenye chupa yenye chujio dogo ili oili inaswe humo. Kwa mchezo wao huo lina maana. Mashine ya shamba, izungukayo kwa kasi yake ya asili, haihitaji kutobolewa. Pua yake ya kwanza ikisafishwa yatosha. Na mwenye kuchagua kuielekeza paipu kwenye chupa kwa muda, basi akumbuke kuliziba lile tundu lililobaki kwenye nyumba ya chujio, kwa sababu likiachwa wazi vumbi huingia moja kwa moja bila kuchujwa, na vumbi hilo hula silinda. Tundu hilo, kinyume cha lile, ndilo la kuzibwa. Elimu ni kujua lipi ni lipi.

Wala pasiwe na mtu wa kuona haya kuuliza mambo ya vyuma. Mwanachuoni wa Kiislamu Ismail al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake mashuhuri cha mitambo. Ndani yake alieleza vyombo vya kuinua maji, mojawapo kikiwa pampu yenye silinda mbili na pistoni zake. Alieleza na kuchora kila sehemu ili mwingine aweze kuitengeneza. Kuvuta maji kwa hila ya chuma ni jambo la kale katika elimu yetu.

Sasa tuje kwenye suala la pili. Wanavyuoni wamelizungumza tangu zamani suala la dhamana ya fundi, na maelezo yao ni marefu. Lakini msingi mmoja haufichiki: mwenye kujitia katika kazi asiyoijua, akaharibu mali ya watu, hubeba alichoharibu, kama abebavyo mtu anayejitia utabibu asioujua. Fundi mjuzi aliyefanya kazi yake inavyopasa, kisha likatokea lisilo katika uwezo wake, hukumu yake ni nyingine.

Tukiupima mkasa huu kwa msingi huo, gharama zagawanyika. Uvujaji wa mwanzo ulikuwako kabla ya fundi. Basi kupima oili, kuosha chujio na kusafisha pua ni juu ya kikundi, maana ni matunzo ya mali yao. Kuziba pua ni tendo la fundi. Ikithibiti kwamba sili ilikuwa nzima na ikachanika kwa tendo hilo, ni haki airudishe hali ilivyokuwa, na ujira wa kuziba hakustahili. Lakini sili ya misimu miwili huenda ilikuwa imeanza kuchoka. Kwa hiyo twawashauri wasulihishwe: aitwe fundi wa pili, mzee katika kazi, atazame mbele ya wote wawili. Fundi wa kwanza asitukanwe. Huenda hakufunzwa hilo na mtu, na akielezwa kwa upole ataacha kuziba pua za mashine za wengine.

Ama tuhuma juu ya mweka hazina, hiyo ni nzito kuliko oili yote. Ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Mashine iliyovuja baada ya kuzibwa pua si ushahidi wa wizi. Waliosema wana haki ya kuuliza hesabu, kwani fedha ni zao. Hawana haki ya kutoa hukumu kwa dhana. Na wewe dada yetu, usijibu maneno kwa maneno. Leta risiti ya ununuzi mbele ya kikao, soma kiasi kilichochangwa na kiasi kilicholipwa, na daftari liwekwe mezani kila mwenye kutaka alitazame. Aliyesema bila ya hakika akiona hesabu imekaa sawa, na akuombe radhi mbele ya wale wale aliosema mbele yao, maana aibu ya hadharani haifutwi kwa kunongʼonezana uani.

Twaongeza mambo machache kwa kila nyumba yenye mashine ya petroli, iwe ya maji au ya umeme. Oili ibadilishwe kwa wakati: mara ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100 au kila miezi sita, lipi litangulie. Andikeni saa hizo katika daftari la kikundi, kando ya hesabu za fedha. Oili iliyotolewa isimwagwe ukingoni. Mto Tana husafiri kiasi cha kilomita 1,000 kutoka milima ya bara hadi baharini karibu na Kipini. Chini ya shamba lako wapo watekao maji ya kunywa na kutawadhia, wapo wavuvi, na ipo mifugo ya wafugaji. Kudhuru jirani usiyemwona ni kudhuru vile vile. Oili hiyo iwekwe kwenye dumu lililofungwa na kupelekwa gereji.

Mashine iliyozama wakati wa mafuriko, kama yale ya Aprili na Mei 2024, isiwashwe kwa pupa. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwagwe katika dumu, itiwe mpya, na chujio na paipu ya pumzi vikaushwe kwanza. Na jenereta isiwashwe kamwe ndani ya chumba, wala barazani penye madirisha wazi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala bila ya wao kuamka.

Dada yetu, mashine yenu kwa ushahidi ulioutaja haijafa. Anzeni kesho kwa kutoa kile kijiti, kisha pimeni oili. Kikao cha hesabu kisingoje mashine ipone. Kiitishwe juma hili hili, kabla maneno hayajaota mizizi. Na nyanya zenu zikihitaji maji katika siku hizo za ukaguzi, mwenye mashine jirani na awasaidie kwa saa mbili tatu jioni, nanyi mtie petroli. Hilo nalo ni katika haki za ujirani.

Wabillahi tawfiq.